Usisubiri usiku wa msiba kuandika wasifu wa baba yako

Wasifu wa baba niliuandika saa tisa usiku, nimekaa juu ya gunia la mchele nyuma ya turubai, mdogo wangu akinimulikia kwa simu. Mchungaji alikuwa ameuomba kabla ya saa tatu asubuhi. Nilijaza ukurasa mmoja wa daftari: kuzaliwa, elimu, ajira, ndoa, ugonjwa, ameacha mjane, watoto sita na wajukuu kumi na wanne. Miaka yake yote ya reli ilienea kwenye sentensi moja: "Marehemu aliajiriwa TAZARA, akafanya kazi kwa uadilifu hadi alipostaafu." Sentensi hiyo umeshaisikia misibani. Hata mvivu husomewa hiyo hiyo.

Tulipotoka makaburini, mzee mmoja aliyevaa koti zito juani akanivuta pembeni. "Mwanangu, umesoma vizuri. Ila huyo uliyemsoma mimi simjui. Halafu hakuanza kazi sabini na tisa. Sabini na saba tulikuwa naye genge moja la kutunza njia ya reli."

Niliona aibu, maana nilikulia kwenye nyumba za reli Mlimba. Naijua TAZARA kama shule inavyoifundisha: ilianza kujengwa 1970 kwa msaada wa China, ikakabidhiwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi kule Zambia. Naweza kukueleza pia kwa nini Zambia iliihitaji, shaba yake isipite kwa makaburu wa kusini. Lakini kile alichokuwa anafanya baba kutwa nzima juu ya reli hiyo, nilijua tu kwamba alirudi na vumbi la kokoto kwenye nyusi.

Yule mzee alikaa nasi siku mbili. Kipande cha kutoka Mlimba kupanda Makambako, alisema, ndicho kilichowatoa jasho: milima, mahandaki, madaraja, na udongo unaoporomoka masika ikikolea. Mvua kubwa ikinyesha usiku, watu wa genge walitoka kwenda kukagua njia kabla treni haijapita. Usiku mmoja walikuta maji yamebeba udongo wote, reli na mataruma yake ya zege vinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Baba ndiye aliyekimbia na taa nyekundu kwenda kusimamisha treni ya mizigo. Alikimbia pekupeku, kwa sababu buti lake moja lilibaki kwenye tope.

Mimi hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Ila ghafla nikaelewa jambo lililotukera utoto mzima. Mvua ikianza usiku, watu wote hujivutia shuka. Baba aliamka, akavaa, akakaa kwenye kiti cha barazani. Alifanya hivyo hata baada ya kustaafu, mpaka tukawa tunamcheka kwamba mzee anaogopa radi.

Kwa hiyo wewe ambaye mzee wako bado anakunywa chai sebuleni, nisikilize.

Usimwambie "baba, nisimulie maisha yako." Nilijaribu mara moja, akanijibu, "Tulihangaika tu, Mungu akasaidia," akaomba redio. Mtu aliyefanya kazi za mikono maisha yake yote hana hotuba kuhusu maisha yake. Muulize vitu vidogo. Mlikuwa mnaamka saa ngapi? Mlibeba chakula gani? Na wale Wachina, mlielewanaje? Halafu muulize nani alikuwa mvivu kwenye genge. Hilo la mwisho nimelijaribu kwa wazee wanne sasa, na hakuna aliyeomba redio.

Rekodi sauti, na uihamishe. Nilikuwa na ujumbe wake wa sauti mwingi kwenye simu, mwingine wa kunikumbusha tu hela ya mbolea. Simu ikafa, na ujumbe ukafa nayo. Leo ningetoa mbuzi nisikie akinidai hiyo mbolea.

Kwenye msiba wenyewe, teua mtu mmoja ambaye kazi yake si kupika wala kukusanya rambirambi, ni kukaa na waliofanya kazi na marehemu. Achukue majina na namba za simu. Wazee hao hupanda gari la asubuhi siku ya pili, na wengi wao msiba utakaofuata ni wa kwao.

Sanduku lake lifunguliwe mbele ya ndugu wote, taratibu. Sisi tulitafuta karatasi za mirathi tukakuta kadi ya NPF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi uliogeuzwa kuwa NSSF mwaka 1997, na ndani ya kadi kumekunjwa risiti za ada zetu zote. Zote! Nyundo yake tuligombania kidogo, siwezi kuficha. Mpini umelika pale mkono wake ulipokaa. Sasa iko kwa dada yetu mkubwa, na anaitumia.

Na msimpake rangi. Baba alikuwa mkali, alikosa mahafali yangu mawili, na akinuna hununa wiki nzima. Siku ya arobaini tulisoma wasifu mpya wenye nyundo, taa nyekundu na kununa kwake, watu wakacheka huku wanalia. Ule wa kwanza walisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa tu.

Masika iliyopita nililala Mlimba. Mvua ikaanza saa nane usiku, nikasikia mlango wa jikoni. Mama alikuwa ameshawasha jiko la mkaa.

"Mama, unafanya nini usiku huu?"

"Mvua hiyo," akasema. "Unadhani baba yako alikuwa anatoka bila kunywa uji? Uji huo nani alikuwa anapika?"

Kwenye wasifu zote mbili hatukuandika uji. Nikavuta kigoda, nikatoa simu, nikamuuliza mwaka ule wa kwanza walipohamia hapa unga walikuwa wanaupata wapi.