Tiketi za karatasi ziliendaga wapi, na kwa nini hio karatasi ya ejenti sio tiketi

Ndugu muulizaji, umesema ejenti amempa dada yako anayeenda Dubai karatasi moja tu ya kuprinti, picha yake umeipandisha hapa, halafu mjomba wenu akaigeuza geuza akasema hapa mmeliwa, tiketi ya ndege ni kitabu. Mi nimekaa kaunta ya kukatia tiketi hapa Kampala tangu enzi za hicho kitabu mpaka kikafa, kwa hio mtanivumilia nikiandika kirefu. Mjomba nusu yuko sawa. Hio karatasi kweli sio tiketi. Ila hata kitabu hutakipata popote siku hizi, tiketi yenyewe iko kwenye kompyuta ya shirika la ndege na wewe unachopewa ni habari yake tu. Ni kama mobile money, ile meseji kwenye simu sio pesa, pesa iko kwenye akaunti, na meseji yoyote mjanja anaweza kuitunga. Shika hapo, mengine yote yanatokana na hapo.

Kile kitabu cha mjomba kilikuwa chembamba, cha kuenea mfuko wa ndani wa koti. Ndani kuna kuponi, yaani kurasa za kuchana: ya ukaguzi tunaituma na ripoti ya mauzo, ya ejenti inabaki kwenye faili letu, halafu kuponi za safari, kila ndege na yake, na mwisho ya abiria. Nyuma ya kuponi kuna kaboni nyekundu, kwa hio unaandika na biki umekandamiza kwelikweli ili herufi zifike mpaka chini kabisa, ikifika jioni vidole vyekundu, mkono wa shati mwekundu, na hio rangi haitoki kwa sabuni gani sijui. Ukikosea herufi moja ya jina hakuna kufuta, hio imekufa, unachukua nyingine unaanza upya na ya kwanza lazima uitolee hesabu. Ukimaliza kuandika kuna kamashine ka chuma, unaweka kibati cha shirika la ndege, unalaza tiketi juu, unavuta mkono kraaak, linatokea jina la shirika na namba ya ofisi yetu. Bila hio kraaak umebeba makaratasi tu.

Vile vibati na tiketi tupu vililala kwenye sefu na ufunguo alikuwa nao bosi peke yake, hata mhasibu hagusi, kwa sababu tiketi tupu ikiibiwa mwizi anajiandikia mwenyewe Entebbe kwenda London anaenda kuuza. Hapo ndio uelewe, karatasi ilikuwa ndio mali. Wafanyabiashara wa Kikuubo, ile mitaa ya maduka hapa Kampala, waliokuwa wanafuata mzigo Dubai walikuwa wanaifunga kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, wanaiweka pamoja na dola, na walikuwa na akili maana ukiipoteza jina lako kuwa kwenye kompyuta hakukusaidii kitu. Unajaza fomu, unanunua tiketi nyingine kwa bei ya siku hio, halafu unasubiri miezi na miezi waone kama kuna mtu atatokea na ile iliyopotea ndio wafikirie kukurudishia.

Kuna mama mmoja mteja wetu, pale Entebbe wakati wa kwenda, kijana wa kaunta alichana kuponi mbili zimegandana badala ya moja, hakuona, na mama naye hakuangalia, nani huangalia. Siku ya kurudi amefika uwanjani Dubai na mizigo yake, jina liko, siti iko, kuponi hakuna. Masikini alilia weee, haikusaidia, akanunua nyingine na pesa aliyokuwa amebakiza kwa ushuru. Sisi tukabaki kuandikiana barua na lile shirika mpaka wakaikuta kuponi yake kwa wahasibu wao, imebanwa pamoja na mwenzake. Kosa lao wenyewe na bado walichukua muda wao. Kwa hio wanaosema ooh zamani kulikuwa na usalama, mi huwa nacheka tu.

Na hao wenye ndugu Uingereza mnakumbuka mambo ya pripeidi? Shangazi analipa kule London, ujumbe unatumwa ofisi ya shirika hapa Kampala, unaenda kila siku kuuliza imefika, hawajaiona, rudi kesho, halafu juu yake kuna ada. Leo shangazi analipa akiwa kwenye basi na wewe unapata imeili kabla hajashuka.

Sasa kilichoiua karatasi ni gharama, msidhani walituhurumia. IATA, ile jumuiya ya mashirika ya ndege, walipiga hesabu wakaona tiketi moja ya karatasi inakula kama dola 10 kuishughulikia, kuichapa, kuisafirisha, kuilinda, kuihesabu, na ya kielektroniki inakula kama dola 1. Marekani walishaanza katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2004 IATA wakasema mwisho wa 2007 karatasi basi, ikawashinda, wakasogeza hadi 31 Mei 2008, na kuanzia 1 Juni 2008 ikawa ndio kwaheri. Kigumu kilikuwa ni safari za kuunganisha: unatoka Entebbe na shirika hili, Nairobi unapanda lingine, kompyuta za wawili hao lazima zijuane, na karatasi ilikuwa haina shida hio, unaichana hapa inaendelea kuchanwa kule. Tiketi tupu zilizobaki zilirudishwa zikihesabiwa namba kwa namba. Uganda Airlines ya zamani, ile ya 1976, ilikufa 2001 bado tuko kwenye vitabu, na hii mpya iliyoanza kuruka Agosti 2019 haijawahi kujua kitabu ni nini. Vijana wanaofanya kazi kwenye kaunta leo ukiwaambia kaboni nyekundu wanadhani unasimulia hadithi za wakoloni.

Turudi kwa dada. Kwenye hio karatasi tafuta vitu viwili. Kuna ile PNR, herufi na namba sita zimechanganywa. Hio ni nafasi imeshikwa, basi, inaweza kushikwa bila mtu kulipa hata shilingi, na muda wake ukiisha kompyuta inaifuta bila kumwambia mtu. Cha pili ndio tiketi: namba yenye tarakimu 13, tatu za mwanzo ni za shirika, 176 ni Emirates, 706 Kenya Airways, 071 Ethiopian. Ukiona PNR bila hio namba ndefu, bado hujakatiwa tiketi hata kama karatasi ina rangi na muhuri na ejenti amekuapia kwa mama yake. (Na tafadhali ile picha uliyoipandisha ifute haraka, PNR yote inaonekana pamoja na jina la ukoo, kwa hivyo viwili mtu yeyote anaweza kuingia kwenye safari ya dada akaharibu.)

Zamani tapeli alihitaji kuvunja sefu, leo anahitaji printa. Pale Nasser Road watu wanachapa chochote unachotaka, kwa hio uzuri wa karatasi usikudanganye. Wasichana wanaokwenda kazi Uarabuni ndio wanaliwa sana kwa njia hii, mtu ameuza mbuzi na kiwanja, amefika Entebbe na familia nzima imekuja kumuaga, anaambiwa hatuoni tiketi yako. Nimepigiwa simu za namna hio usiku na kwa kweli hakuna unachoweza kufanya saa hio.

Na hata namba 13 zikiwepo usilale. Ejenti akikata tiketi kwa kawaida ana uwezo wa kuivoidi, yaani kuifuta, siku hiohio kabla ya saa sita usiku, pesa haikatwi kwake na tiketi inakufa. Kuna wahuni wanakata mbele yako, wanakuonyesha kwenye skrini, unaondoka umefurahi, jioni wanaivoidi. Ndio maana nakuambia kesho yake asubuhi, sio leo, uingie tovuti ya shirika lenyewe, weka PNR na jina la ukoo, uone kama safari iko na tiketi ina namba. Usitumie linki aliyokutumia ejenti. Ukishindwa nenda ofisi ya shirika hapa mjini au wapigie, uwape namba ya tiketi wakuambie hali yake, wanaiona kwa sekunde, wao wanaona kila safari kama kuponi vilevile, iko wazi, imetumika, imerudishiwa pesa. Kaboni imekufa lakini kuponi ziko.

Kingine, dada akibadilishiwa tarehe, tiketi lazima ikatwe upya ifuate tarehe mpya. Maejenti wavivu wanabadilisha nafasi peke yake wanakuacha uende uwanjani na tiketi ya tarehe ya zamani, na hapo kaunta mtasumbuana. Pia asiruke safari ya kwanza akidhani atatumia ya kurudi, kompyuta ikiona hukupanda ya kwanza kwa kawaida inafuta zote zilizobaki.

Kuprinti? Printi ssebo. Kisheria ya shirika pasipoti inatosha, lakini mlangoni Entebbe askari anataka kuona kitu, simu imezima utafanyaje, na ukifika kule wa uhamiaji anaweza kuulizia ya kurudi. Kopi mbili, moja abaki nayo mtu wa nyumbani, jina lifanane na pasipoti herufi kwa herufi, na kadi ya homa ya manjano asiisahau.