Sherifu wa Nottingham: cheo cha kweli au cha hadithi?

SWALI: Adui mkubwa wa Robin Hood, mwizi wa hadithi za Kiingereza aliyewaibia matajiri na kuwapa maskini, ni sherifu wa mji wa Nottingham. Je, cheo hicho kiliwahi kuwapo, na kama kilikuwapo, kwa nini siku hizi hakisikiki?

JIBU: Kilikuwapo, na hakijafutwa, ingawa hadithi zimekikosea kidogo. Sherifu (asichanganywe na sharifu wetu, ambaye asili ya jina lake ni Kiarabu) alikuwa msimamizi wa mambo ya mfalme katika kaunti tangu kabla ya Wanormani (watu wa Normandy, Ufaransa) kuiteka Uingereza mwaka 1066. Katika zama ambazo Robin Hood huhusishwa nazo zaidi, mji wa Nottingham haukuwa na sherifu wake wenyewe, bali palikuwa na mmoja aliyesimamia Nottinghamshire na Derbyshire kwa pamoja. Mji ulipewa masherifu wawili wa kwake kwa hati ya Mfalme Henry wa Sita mwaka 1449.

Chuki ya wananchi dhidi ya masherifu, kwa maoni yangu, ilitokana na fedha kuliko tabia ya mtu mmoja mmoja. Sherifu aliahidi kuilipa hazina kiasi maalumu kila mwaka kwa niaba ya kaunti, na alichokusanya zaidi ya hapo kikawa chake, kwa hiyo kila aliyekamuliwa alijua faida inakwenda wapi. Magombo ya hesabu hizo yamehifadhiwa hadi leo, na la kale kuliko yote ni la mwaka 1130. Malalamiko yalizidi hata Henry wa Pili akaagiza uchunguzi mwaka 1170 na kuwaondoa masherifu wengi. Magna Carta, hati ya mwaka 1215 iliyowekea mipaka madaraka ya mfalme, iliwakataza masherifu kusikiliza kesi za jinai zilizo za mfalme, tena ikamtaja kwa jina Philip Mark, sherifu wa Nottinghamshire na Derbyshire, kuwa miongoni mwa watakaofukuzwa. Hata hivyo Mark aliendelea na kazi kwa miaka kadhaa.

Baadaye madaraka yalimponyoka sherifu moja baada ya jingine: upelelezi wa vifo ulikwishakwenda kwa makorona (maofisa wa mfalme wa kuchunguza vifo) tangu 1194, na katika karne ya 16 askari wa kaunti wakawekwa chini ya wawakilishi wapya wa mfalme. Sherifu wa kaunti wa leo, aitwaye sherifu mkuu, hutumikia mwaka mmoja bila mshahara, kwa shughuli za heshima tu, na mfalme humteua kwa kutoboa tundu kwa sindano kando ya jina lake kwenye orodha.