Maswali na Majibu: Bustani, Sanaa na Usalama Mbele ya Kamati za Bunge la Kaunti ya Nairobi

Wasomaji kadhaa wa Nairobi wameniandikia juu ya bustani za umma, sanaa na usalama wa mitaani, mambo matatu ambayo mtu angedhani hayahusiani. Nimeyajibu pamoja kwa sababu bustani isiyo na taa huwafukuza wachezaji ngoma kabla hata ya wezi kufika, na kwa sababu yote matatu hupitia kwenye kamati za Bunge la Kaunti ya Jiji la Nairobi, ambazo wananchi wengi hawajui kwamba wana haki ya kuingia ndani yake na kusikizwa.

Nimezoea kusema "kanjo". Je, halmashauri ya jiji ingalipo, na ni nani anayeamua mambo ya bustani na sanaa? (Msomaji wa Kayole)

Halmashauri ya Jiji la Nairobi ilifikia mwisho wake baada ya uchaguzi wa Machi 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi chini ya Katiba ya 2010. Jina la kanjo limebaki midomoni mwa watu, lakini mpango wa madaraka umebadilika. Gavana na mawaziri wake wa kaunti ndio wanaotekeleza, yaani wanaotoa vibali, wanaoajiri, wanaonunua na wanaosaini mikataba. Bunge la Kaunti, lenye wawakilishi waliochaguliwa kutoka wadi 85 pamoja na wale walioteuliwa, hutunga sheria, hupitisha bajeti na huwachunguza hao watekelezaji, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kamati.

Jedwali la Nne la Katiba linazikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, burudani ya umma, maktaba, majumba ya makumbusho ya ngazi ya kaunti, bustani na viwanja vya mapumziko, taa za barabarani, huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga. Polisi hawamo katika orodha hiyo, kwa kuwa ni kazi ya serikali ya kitaifa. Mambo hayo ya kaunti yamegawanywa miongoni mwa kamati kadhaa za kisekta, na mgawanyo wake hubadilika kadiri idara zinavyopangwa upya. Kwa hiyo barua yako uielekeze kwa karani wa Bunge, naye ataipeleka kwa kamati inayohusika.

Bustani ya mtaa wetu imezungushiwa mabati, wala hakuna bango linaloeleza kinachojengwa. Tuanzie wapi? (Wakazi wa mtaa mmoja wa Eastlands)

Anzeni na karatasi, na mwanze sasa, kwa sababu ukuta ukishasimama kila mtu atawaambia kwamba fedha zimekwisha kutumika. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema kwamba ardhi ya umma ya aina hiyo iko mikononi mwa serikali ya kaunti kama amana kwa niaba ya wakazi, na kwamba husimamiwa kwa niaba yao na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Aliyeshikilia amana ana wajibu wa kueleza anachofanya nayo.

Hatua ya kwanza ni kuomba habari kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upataji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi iliyoombwa iamue ndani ya siku 21. Msiulize kwa jumla. Ombeni nakala ya idhini ya kubadilisha matumizi ya ardhi kama ipo, nakala ya mkataba, gharama, na jina la idara iliyoagiza kazi. Jibu la "hatuna stakabadhi hiyo" nalo ni ushahidi mzuri, kwa hiyo lihifadhini.

Hatua ya pili ni ombi la umma kwa Bunge la Kaunti, haki inayotokana na Kifungu cha 37 cha Katiba na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Ombi huelekezwa kwa Bunge kupitia kwa karani. Liandikwe kwa lugha ya heshima, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, lieleze mmekwisha kujaribu ofisi zipi na mkajibiwa nini, liseme kama shauri hilo liko mahakamani au haliko, kisha liwe na majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi za waombaji. Sehemu ya mwisho itaje kwa uwazi mnachotaka kifanyike. Maombi mengi huwa na kurasa tatu za uchungu, na wakati mwingine ni uchungu wa haki kabisa, lakini hayana hata sentensi moja inayoiambia kamati ifanye nini.

Kamati ikilipokea ombi, ina nguvu ambazo mkazi hana. Kifungu cha 195 kinaipa uwezo wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi au habari, na katika kuwaita mashahidi na kudai stakabadhi ina mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu. Waziri wa kaunti anaweza kuacha barua yenu mezani, lakini wito wa kamati una uzito wa sheria. Hata hivyo kamati haitoi amri ya kumsimamisha mkandarasi. Inachunguza, inaandika ripoti na kuifikisha mbele ya Bunge zima. Amri ya kusimamisha kazi hutoka mahakamani.

Hapo ndipo kisa cha Uhuru Park kinapofaa kukumbukwa. Mwaka 1989 ulipangwa mradi wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani hiyo, kwa ajili ya kampuni ya gazeti la Kenya Times lililokuwa la chama tawala cha KANU. Wangari Maathai aliandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine, nchini na ng'ambo, kisha akaenda Mahakama Kuu. Kesi yake ilitupwa kwa hoja kwamba yeye binafsi hakuwa ameumizwa na ujenzi huo kwa namna iliyompa haki ya kushtaki. Akashambuliwa kwa maneno bungeni, lakini wafadhili wa nje waliingiwa na wasiwasi na mradi ukaachwa. Leo kizuizi kilichoiangusha kesi yake kimeondolewa, kwa kuwa Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au madhara. Ninyi wa Eastlands mna silaha ambayo mama yule hakuwa nayo, na ningesikitika sana kuona mmeiacha.

Kwa nini kamati ya kaunti haishughulikii Msitu wa Karura na Arboretum, ilhali viko Nairobi? (Msomaji wa Parklands)

Kwa sababu si mali ya kaunti. Karura na Arboretum viko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi iko chini ya Huduma ya Wanyamapori ya Kenya, nazo zote mbili ni mashirika ya kitaifa. Malalamiko juu ya lango la Karura yapeleke huko, au Bunge la Kitaifa. Uhuru Park na Jeevanjee Gardens, hii ya pili ikiwa ilitolewa kwa wakazi na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mnamo 1906, ndizo bustani za kuizungumzia kaunti.

Tuna kikundi cha maigizo na tunataka kutumbuiza bustanini kila Jumamosi. Je, kamati ndiyo inayotoa kibali? (Msomaji wa Dandora)

Hapana, kibali cha kutumia uwanja hutolewa na idara ya kaunti inayosimamia bustani, na mkiwa na nia ya kupiga picha za filamu, leseni yake ni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, ambayo ni ya kitaifa. Sheria ya Utulivu wa Umma inayodai polisi wapewe taarifa kati ya siku 3 na siku 14 kabla ya mkutano wa hadhara haikukusudiwa mikusanyiko ya utamaduni mtupu, lakini nawashauri mumwarifu mkuu wa kituo cha polisi kwa maandishi hata hivyo, ili afisa wa zamu asije akaona umati na kukisia vibaya.

Kamati itawafaa pale ambapo kibali kinanyimwa bila sababu, au pale mnapotozwa ada msiyoielewa. Kifungu cha 210 kinakataza kodi au ada ya leseni kutozwa pasipo sheria, na ada za kaunti hupangwa katika Sheria ya Fedha ya Kaunti inayopitishwa kila mwaka. Mkidaiwa malipo, ulizeni yameandikwa katika jedwali gani la sheria hiyo, na mdai risiti rasmi. Mswada wa sheria hiyo ukiletwa kwa umma kwa maoni, vikundi vya sanaa vifike na kusema ni ada gani inayoua kazi yao. Wenye mabaa na wenye maduka hufika. Wasanii huonekana mara chache mno, kisha ada hupangwa bila wao.

Maktaba za kaunti zinahitaji vitabu na paa zisizovuja. Tuombe lini? (Mwalimu mstaafu, Makadara)

Swali lako, mwalimu, ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu umeuliza *lini*. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini maamuzi hufanywa mapema zaidi. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa Bungeni kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Anayefika Juni kuomba paa la maktaba amekuta chakula kimeshapakuliwa. Septemba ndio wakati wa kuhakikisha jina la maktaba yako limo katika mpango, Februari ni wakati wa kupigania kiwango cha fedha za sekta, na Mei, kamati zinapoyapitia makadirio, ni wakati wa kukagua kama kilichoahidiwa kimewekewa shilingi.

Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 katika jiji lililowafungia Waafrika mlango wake, pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara, ni mali yetu sote sasa. Ushirikiano wa kaunti na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017, umeyakarabati matawi hayo mawili, na anayeketi humo mchana wa siku ya shule huona watoto wakisoma mahali ambapo hawadaiwi kununua chochote. Lakini mshirika wa nje si badala ya bajeti. Iulize kamati kila mwaka ni kiasi gani kimetengwa kwa ununuzi wa vitabu na mishahara ya wakutubi, na uulize pia ni kiasi gani kati ya kilichotengwa mwaka uliopita kilitolewa kweli, maana kutenga ni jambo moja na kutoa ni jingine.

Tunaibiwa bustanini jioni. Polisi ni wa serikali ya kitaifa, basi kamati ya kaunti itatusaidia nini? (Msomaji wa Umoja)

Itawasaidia kwa mambo mawili. La kwanza ni mahali penyewe. Taa, nyasi zilizofyekwa ili mtu aone mbele, lango lenye mlinzi na vyoo vinavyofanya kazi ni wajibu wa kaunti, na vitu hivyo hupunguza wizi kabla polisi hajahitajika. Orodhesheni nguzo za taa zisizowaka, moja moja, kwa mahali pake, mwiambatishe kwenye barua. Afisa aliyeitwa mbele ya kamati hujibu orodha ya nguzo 14 kwa uangalifu kuliko anavyojibu malalamiko kwamba bustani ni ya giza.

La pili ni Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, iliyowekwa na Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011. Mwenyekiti wake ni gavana au mtu aliyemteua, na ndani yake wamo wakuu wa vyombo vya usalama katika kaunti, wawakilishi wa makundi ya jamii, na wajumbe wawili wanaoteuliwa na Bunge la Kaunti. Hicho ndicho kiungo kati ya mwakilishi wadi wenu na mkuu wa polisi, nacho hutajwa kwa nadra mno. Mwandikieni mwakilishi wenu mkimtaka aulize ndani ya Bunge wajumbe hao wawili ni akina nani na mamlaka hiyo ilikutana lini mara ya mwisho.

Gikomba huungua kila mara. Kamati iulize nini? (Mfanyabiashara wa mitumba)

Pole kwa yaliyokupata. Moto wa Juni 2018 uliwaua watu 15 katika soko hilo, na mioto mingine imefuata. Zimamoto ni kazi ya kaunti moja kwa moja, kwa hiyo hapa kamati haina wa kumsukumia lawama. Iulize magari mangapi ya zimamoto yanayofanya kazi leo, si yaliyonunuliwa. Mabomba ya maji ya zimamoto karibu na soko yana maji au hayana, kwa kuwa Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi ni ya kaunti hiyo hiyo. Na njia za kuingia sokoni zina upana gani. Sehemu hii ya mwisho inatugusa sisi wenyewe wenye vibanda, na si rahisi kuisema kwa mtu aliyepoteza mali, lakini gari likishindwa kupita, maji yake hayana faida. Ripoti za uchunguzi wa mioto iliyopita nazo zidaiwe hadharani, kwa jina na kwa tarehe.

Je, naweza kuingia kwenye kikao cha kamati bila mwaliko, na nikasema Kiswahili? (Msomaji wa Kibra)

Ndiyo, kwa yote mawili. Kifungu cha 196 kinalitaka Bunge la Kaunti na kamati zake kufanya vikao waziwazi, na umma hauwezi kuzuiwa isipokuwa spika ameamua kwamba kuna sababu za kipekee zinazohalalisha. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7. Kuingia kusikiliza hakukupi nafasi ya kusema, hivyo ukitaka kuzungumza, mwandikie karani mapema au subiri kikao cha ushirikishaji wa umma kilichotangazwa. Beba kitambulisho, beba nakala kadhaa za maoni yako yaliyoandikwa, uache moja kwa karani wa kamati na ubaki na nyingine yenye muhuri wa kupokelewa. Kabla ya kuondoka, muulize ripoti ya kamati itawasilishwa Bungeni lini, kisha uiandike tarehe hiyo juu ya nakala yako.