Rosasea kwenye ngozi nyeusi: usitafute wekundu, sikia joto

Rosasea, ugonjwa sugu wa ngozi ya uso, huelezwa mara nyingi kama wekundu wa mashavu na pua. Maelezo hayo yametokana na ngozi nyeupe, na ndiyo sababu watu wengi hapa Nairobi hutibiwa chunusi miaka nenda miaka rudi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hufichika. Unachokuta ni mashavu yanayowaka kama yamepakwa pilipili, vipele katikati ya uso, na mafuta ya kawaida yanayochoma yakigusa tu. Uso ukianza kuwaka, weka migongo ya vidole shavuni, kisha shingoni. Shavu likiwa la moto kuliko shingo, na hali hiyo inajirudia, anza kushuku.

Vitazame vipele dirishani, kwa mwanga wa mchana. Chunusi huja na vinyweleo vilivyoziba, vyenye ncha nyeusi au nyeupe, rosasea haina. Magamba yenye mafuta kwenye nyusi na kichwani yanaelekea mba zaidi. Upele wa mashavuni pamoja na maumivu ya viungo, daktari aangalie kwanza lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Rosasea hushika macho pia: yakikwaruza kama yana mchanga, usisingizie vumbi la barabarani. Yakiuma au ukaona ukungu, muone daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Kabla ya dawa yoyote, zitoe krimu zako zote, uzipange mezani na kusoma maandishi madogo. Ukikuta betamethasone au clobetasol, umepata steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho. Kopo la krimu ya kung'arisha lisilo na lebo lichukulie hivyo hivyo. Steroidi hutuliza uso kwa siku mbili tatu, mtu akaamini amepona. Akiendelea kwa wiki na miezi, ngozi hukonda, mishipa hutanuka, na steroidi yenyewe huzaa rosasea. Akiacha, uso hulipuka ndani ya siku chache, na hapo ndipo wengi huirudia. Tafadhali usiirudie. Mlipuko huo huweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo acha ukiwa mikononi mwa daktari wa ngozi, ambaye anaweza kukupunguzia taratibu au kukupa vidonge vya kukuvusha.

Osha uso kwa maji vuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, kwa ncha za vidole. Limau, spiriti na skrabu weka mbali. Asubuhi malizia na krimu ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, yenye zinki oksaidi: mistari miwili, kila mmoja urefu wa kidole kimoja, kwa uso na shingo. Iliyotiwa rangi ya ngozi haiachi weupe kama majivu. Rudia kila saa mbili ukiwa nje. Nairobi iko karibu na ikweta, takriban mita 1,700 juu ya bahari, na mawingu ya Julai hayazuii miale yote.

Dawa za kupaka ambazo daktari huandika ni jeli ya metronidazoli 0.75% mara mbili kwa siku, asidi ya azelaiki 15%, au krimu ya ivamektini 1% mara moja kwa siku. Ivamektini ya ng'ombe kutoka duka la kilimo si ya uso. Paka eneo lote linalowaka, si kipele kimoja kimoja, na uipe wiki 8 hadi 12. Wengi huacha wiki ya tatu wakidhani imeshindwa. Azelaiki huwasha mwanzoni, lakini hufifisha pia madoa meusi. Ukipewa vidonge vya doksisaiklini, ambayo ni antibayotiki, meza na glasi nzima ya maji na usilale papo hapo. Mjamzito asiitumie.

Jikoni, mvuke wa sufuria ya ugali hupiga uso moja kwa moja: simama kando, fungua dirisha. Chai iache ipoe kidogo, kwani mara nyingi kinachochochea ni moto wake. Andika kwa wiki mbili saa uso ulipowaka na kilichotangulia: jua, pilipili, pombe, hasira. Ondoa kimoja kwa wakati, ujue ni kipi chako.