Miche ya nyanya ikiugua nyumbani: tazama shingo na mizizi kabla ya kununua dawa

Wanaoanza kuotesha miche nyumbani huwa na swali moja: nipige dawa gani? Wananiletea mche kwenye kikopo cha siagi, au wananitumia picha ya jani moja kwa simu, na wanataka jina la chupa ya kwenda kununua mjini. Mimi nami huwa na maswali yangu kabla ya chupa. Udongo ulitoka wapi? Unamwagilia saa ngapi? Chombo kina tundu chini? Iliyougua ni yote, au ni ya kona moja tu? Mara nyingi mwenye mche hata hajamaliza kujibu na ameshajua mwenyewe kilichotokea.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaoanza msimu huu hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na majirani zetu wa Koboko na Yumbe, pamoja na wenzetu wa makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Bidibidi ambao bustani yao ni kipande kidogo nyuma ya nyumba. Nitazungumzia zaidi nyanya, maana ndiyo kila mtu anaanza nayo. Pilipili na biringanya ni za ukoo huohuo na huugua karibu magonjwa yaleyale, kwa hiyo mengi ya hapa yanazihusu pia.

Jambo la kwanza: mche wenye majani mawili hauwezi kuvumilia matibabu mengi kwa siku moja. Ukiongeza maji asubuhi, ukaweka mbolea mchana, ukapiga dawa jioni, ukifa hutajua kilichouua, na ukipona hutajua kilichouponya. Badilisha kitu kimoja, kisha subiri siku tatu au nne. Jani lililoharibika halirudi kuwa zima, kwa hiyo usilitumie kupima kama tiba imefaa. Tazama jani jipya linalochomoza katikati. Hilo likiwa la kijani na limenyooka, mche unapona hata kama majani ya chini yanatia huruma.

Halafu anza kutazama kutoka chini. Watu hutazama majani kwa sababu ndiyo yanayoonekana, lakini mche mchanga huanza kufa shingoni, pale shina linapotokea udongoni, au kwenye mizizi. Kama una miche ishirini inayoumwa, toa kafara mmoja. Uchimbue taratibu kwa kijiti, usiuvute, kisha suuza mizizi kwenye maji. Mizizi mizima ni myeupe na migumu kidogo. Ikiwa ya kahawia, laini, na ngozi yake inavuka ukiishika, hapo imezama kwenye maji na kuoza. Ikiwa na vinundu vinundu kama shanga, hiyo ni minyoo fundo, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi ndani ya mizizi, na udongo huo haufai tena kwa nyanya. Dakika tano za kazi hii zinakuepusha na safari nzima ya boda kwenda dukani.

Ugonjwa unaoua miche mingi kuliko mingine yote ni kinyausi. Jana miche ilikuwa imesimama, leo asubuhi imelala kama iliyokatwa, lakini haijakatwa. Ukiangalia shingo utaona sehemu imekonda, imekuwa kama uzi, na ina rangi ya maji maji au kahawia. Huanza mahali pamoja na kupanuka kwa duara. Kinachosababisha ni vimelea vya ukungu vinavyoishi udongoni, ambavyo hupenda unyevunyevu, msongamano na hewa iliyotulia. Mara nyingine huua mbegu kabla hazijachomoza, na mtu akadhani aliuziwa mbegu mbovu.

Mche uliolala kwa kinyausi hauinuki. Hakuna dawa ya kuuinua, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anataka pesa yako tu. Unaweza kuokoa iliyobaki. Ng'oa iliyolala pamoja na udongo wake na ya jirani inayotia shaka, ukaitupe mbali na kitalu. Acha juu ya udongo pakauke. Punguza msongamano, hata kama roho inauma, mpaka upepo upite kati ya miche. Kuanzia hapo mwagilia asubuhi tu, ili usiku uikute miche ikiwa mikavu. Poda za kuzuia ukungu zinazouzwa madukani husaidia kukinga miche ambayo bado ni mizima. Ukiamua kutumia, soma kipimo kwenye pakiti, vaa glavu, na usikoroge kwenye jagi la nyumbani.

Hapa Arua udongo unahitaji maelezo zaidi. Huku ni nchi ya tumbaku tangu zamani, na tumbaku ni ndugu wa nyanya. Ukichota udongo kwenye shamba lililokuwa na tumbaku, viazi mviringo, biringanya au nyanya zenyewe, unaweza kubeba minyoo fundo na bakteria wa mnyauko hadi barazani kwako. Bakteria huyo mara nyingi haonyeshi sura yake kwenye kitalu. Unapanda miche mizuri, inakua, inaanza kutoa maua, kisha siku moja inanyauka ikiwa bado ya kijani. Kipimo chake ni rahisi: kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, na baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka. Ukiona hivyo, hakuna tiba. Ng'oa, choma moto, na mwaka unaofuata panda mahindi au maharage hapo. Aina ya MT56 inajulikana Uganda kwa kuuvumilia mnyauko huu, ukiipata itakufaa sehemu zenye historia hiyo.

Kwa hiyo chukua udongo wa juu kutoka chini ya miti au mahali palipokuwa na nafaka, changanya na mboji iliyoiva na mchanga ili maji yapite. Ukitaka kuua vimelea, chukua pipa, weka maji kidogo chini na mawe juu ya maji, pakia gunia la udongo wenye unyevu juu ya mawe, funika, kisha washa moto. Mvuke ukishaanza kutoka juu, hesabu nusu saa. Wakulima wengine huzika kiazi katikati ya udongo: kiazi kikiiva, na udongo umeiva. (Usikile tu kama hujui gunia lilibeba nini.) Asiye na kuni atumie jua la kiangazi, Desemba hadi Februari. Lowesha udongo, utandaze, uufunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, ziba kingo kwa mawe, uache wiki nne hadi sita. Kaveera (mfuko wa plastiki) nyeusi haipashi joto kama nailoni angavu.

Kuhusu maji sitasema mengi, ila hili: udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena. Ingiza kidole hadi kiungo cha kwanza. Au inua chombo. Baada ya wiki utaujua uzito wa chombo chenye kiu bila hata kukitazama. Mche unaonyauka saa nane mchana na kusimama jioni unalalamikia jua tu. Mche unaonyauka asubuhi na udongo ukiwa umelowa, ukiongeza maji unaumaliza. Ukiona vijidudu vidogo vyeusi vikirukaruka juu ya udongo kila unapogusa chombo, hao wanakwambia udongo haukauki. Toboa matundu zaidi.

Mwanga nao huwachanganya wengi. Mche unaorefuka haraka, shina jembamba, rangi hafifu, umeinama upande mmoja, unatafuta jua. Wanaoanza huuona huo urefu wakafurahi, wakidhani unakua. Tatizo letu ni kwamba watu huweka miche barazani na kuiacha hapohapo mwaka mzima. Arua iko kama nyuzi 3 kaskazini mwa ikweta. Kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Septemba, jua la saa sita mchana hupita upande wa kaskazini wa utosi wetu, kisha huhamia kusini hadi Machi inayofuata. Baraza inayotazama kusini iliyokuwa na jua zuri Januari, Juni ina kivuli. Tena jua letu hupita juu sana, kwa hiyo paa lenye mabati marefu hulizuia hata kama uani kunawaka. Dirishani ndani ya nyumba ndiko kubaya zaidi. Mche unahitaji kama saa sita za jua, na jua la asubuhi upande wa mashariki ni zuri kuliko yote kwa sababu hukausha umande bila kuunguza.

Nyanya iliyorefuka inaokoleka. Unapoihamishia kwenye kaveera, izike shina hadi karibu na majani ya kwanza, nayo itatoa mizizi kwenye shina hilo. Pilipili usiizike namna hiyo, haitoi mizizi kwa wepesi. Na kila ukipita, pitisha kiganja juu ya vichwa vya miche taratibu. Kutikiswa kunafanya shina linenepe. Ila usiitoe miche iliyolelewa kivulini ukaianika siku hiyohiyo kwenye jua la Februari na upepo wake mkavu. Majani yatakuwa na mabaka meupe kama karatasi, na utanijia unauliza ni ukungu gani. Ianike kwa muda wa saa moja leo, saa mbili kesho, na kuendelea kwa wiki hivi.

Sasa majani. Yale mawili ya mwanzo kabisa, ya mbegu, yakigeuka manjano baada ya majani ya kweli kutoka, usihangaike, kazi yao imeisha. Majani ya chini yakiwa manjano yote na mche umedumaa, ni njaa ya naitrojeni, au mizizi iliyolowa isiyoweza kula hata chakula kikiwepo. Ndiyo maana tunachimbua kwanza. Majani mapya yakiwa manjano lakini mishipa imebaki kijani, uliza kuhusu majivu. Kuna anayemwaga majivu ya jikoni kila wiki kufukuza wadudu, na majivu yakizidi udongo unauzuia mche kupata chuma. Upande wa chini wa jani ukiwa zambarau, mara nyingi ni upungufu wa fosforasi au udongo wa baridi na maji mengi. Huku kwetu joto si shida, lakini mwenye ndugu Kabale au Zombo amwambie asikimbilie mbolea, asogeze miche mahali penye joto kwanza.

Kingo za majani zikiungua na kukauka, na juu ya udongo kuna utando mweupe, huyo ni kuku. Mbolea mbichi ya kuku ni kali mno kwa mche. Ikae miezi miwili mitatu ikioza, ikigeuzwa, hadi isinuke tena, na hata hapo changanya kidogo. Aliyekwisha kuunguza miche apitishe maji mengi safi kwenye chombo mara moja, yatoke chini, kisha aache pakauke. Au ahamishie kwenye udongo mwingine. Mche hauhitaji mbolea ya dukani mpaka uwe na majani ya kweli mawili au matatu, na hata hapo nusu ya kipimo.

Wadudu ni wepesi kuwatambua. Mche uliokatwa kabisa usiku na kulala pembeni, kidonda kikiwa safi, ni kazi ya sota, kiwavi anayekata miche. Fukua udongo karibu na mche, sentimita chache tu, utamkuta amejikunja. Mponde, kisha zungushia miche mingine pete iliyokatwa kwenye chupa ya plastiki. Mbegu zikipotea bila alama, shuku sisimizi. Vidukari wanaogandamana chini ya majani waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, jioni.

Inzi weupe ni wadogo lakini wao ndio ninaowaogopa, kwa sababu wanabeba kirusi cha kukunja majani ya nyanya. Kuna kirusi cha aina hiyo ambacho wanasayansi wamekipa jina la Uganda kabisa, kwa kuwa kilitambuliwa hapa. Majani hukunjika kwenda juu, yanakuwa madogo na manjano kingoni, na mche unadumaa. Mche uliopata kirusi ukiwa mdogo hautazaa cha maana. Ung'oe siku hiyohiyo, usiusubiri. Kinga ni chandarua chenye matundu madogo juu ya kitalu tangu siku ya kusia mbegu. Na anayevuta au kufunga tumbaku anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche, maana tumbaku ina kirusi chake kinachohamia kwenye nyanya kwa vidole.

Ukishindwa kutambua, usipeleke picha ya jani. Peleka mche mzima na mizizi na udongo wake, kwenye mfuko, kwa afisa kilimo wa sabkaunti yako au kwa watu wa utafiti wa kilimo wa Abi hapa Arua.

Na ikiwa zaidi ya nusu ya trei imeharibika, mimi ningemwaga. Nyanya huchomoza ndani ya siku tano hadi kumi, pilipili huchelewa hadi wiki mbili na zaidi. Miche mipya ya nyanya kwenye udongo safi mara nyingi huipita ile ya zamani uliyokuwa ukiuguza. Osha vyombo kwa sabuni, vianike juani, jaribu mbegu kumi kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani iliyofunikwa, na zikiota saba au nane, sia tena wiki hiyohiyo, kina kisichozidi sentimita moja.