«Je te manque» au «Tu me manques»?

SWALI: Nimejifunza Kifaransa kupitia vitabu vya Kiingereza. Nilimwandikia rafiki yangu aliyeko Lyon «Je te manque beaucoup», nikimaanisha nimemkumbuka sana. Akanijibu «Ah bon ?» Nimekosea wapi?

JIBU: Dada, ulichomwandikia ni kwamba yeye ndiye anayekukumbuka sana wewe, na hiyo «Ah bon ?» ni sawa na «Kumbe?». Ilitakiwa iwe «Tu me manques beaucoup».

Kiingereza kimekuzoesha kumtanguliza anayekumbuka. Kifaransa humtanguliza asiyekuwepo. Hapa Kiswahili kitakufaa zaidi: tunasema «pesa zimenipungukia», pesa zikiwa ndiyo kiima na mimi ndiye ninayepungukiwa. Kitenzi manquer, ndicho hicho ulichokitumia, hujengwa vivyo hivyo, «wewe unanipungukia». Ndiyo maana mama mmoja husema «Mes enfants me manquent», kitenzi kikiwa na -ent kwa kuwa watoto ni wengi.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye nafsi ya tatu. Kwa anayekumbuka, tumia lui (mmoja) na leur (wengi), kamwe si le, la wala les. «Elle lui manque» ni kwamba mtu fulani (lui) anamkumbuka huyo mwanamke (elle). «Elle le manque» ni kumkosa, kama mtu aliyelenga shabaha akakosa. Kwa vile yambwa hiyo, yaani anayekumbuka, huja na kihusishi à, katika wakati uliopita manqué haipatani nayo kwa jinsia wala idadi: hata wewe mwanamke utaandika «Tu m'as manqué», bila e ya ziada, na «Vous nous avez manqué» haina s. Wafaransa wenyewe huteleza hapo, kwa hiyo ukilishika hili utakuwa umepiga hatua kubwa.

Matumizi mengine ni mepesi. Mchuzi uliopungua chumvi: «La sauce manque de sel», de peke yake, si du. Viti viwili vikipungua: «Il manque deux chaises». Kukosa treni ni «manquer le train», na hapo mpangilio unafanana na wa Kiingereza, ingawa kwenye mazungumzo utasikia zaidi «rater le train». Na mtu akikwambia «Ne manquez pas de nous écrire», anakuomba usiache kuwaandikia. Jibu la heshima ni «Je n'y manquerai pas».

Kwa rafiki yako, mwandikie leo: «Non, c'est toi qui me manques !» Usisahau s ya mwisho, inafuata toi.