Ua wa katikati si urembo mpya

Kuna anayedai kwamba ua wa katikati, ule uwazi usioezekwa kwenye nyumba za kisasa za India, ni urembo mpya. Hapana mkuu, haukubuniwa na wapambaji wa siku hizi. Kerala, jimbo la kusini mwa India, wanauita nadumuttam, na nyumba yake nalukettu: majengo manne yamebanana kuuzunguka ua. Wenye mali walijenga ettukettu, yenye nyua mbili.

Nachora ramani za nyumba, kwa hiyo kinachonivutia zaidi ni jinsi ua huo unavyofanya kazi. Hewa ya moto inapanda na kutokea juu, ya ubaridi inavutwa kutoka barazani kupitia vyumbani. Paa la vigae linainamia ndani, mvua inachuruzika hadi uani. Sakafu ya hapo imeshushwa kidogo na ina tundu la kutolea maji, kwa hiyo unakaa kando ya ua, miguu mikavu, unatazama mvua ikinyesha katikati ya nyumba yako. Mara nyingi pana mche wa tulsi, mrehani wao wa ibada.

Wasanifu wa kisasa waliuchukua kwa sababu hiyohiyo. Msanifu wa India, Charles Correa, alipanga nyumba za Belapur, katika mji wa Navi Mumbai jirani na Mumbai, miaka ya 1980, kuzunguka nyua za pamoja, na zilikuwa za watu wa vipato mbalimbali, hata cha chini, si matajiri tu.

Ila angalia: wengi sasa wanaufunika kwa kioo wakiogopa mbu na wezi. Ukiziba juu bila kuacha matundu ya hewa pembeni, umejijengea tanuri.